Jinsi ya Kuwa Mtu wa Mbinga kwa Hatua 8 na Miaka 20

Mwongozo huu ni wa yule aliyefungua barua ya kupangiwa kazi, akakuta imeandikwa Mbinga, akaenda kutafuta ramani. Huenda wewe ni mwalimu, muuguzi, bwana shamba au karani wa ununuzi wa kahawa. Huenda umeoa au umeolewa huku. Umekuja na begi moja na hesabu ya miaka miwili kichwani, kisha uhamisho. Mimi niliripoti Januari 2004 nikitokea Dodoma, na kufika Aprili barua yangu ya kuomba uhamisho ilikuwa tayari, imekunjwa, iko chini ya godoro. Sikuipeleka popote. Kwa nini sikuipeleka, ndiyo habari yote ya mwongozo huu.

Utaambiwa kupenda mahali ni jambo la moyo. Ni kweli, ila moyo hauna mikono. Mahali pa watu mtu huingia kwa kazi, kwa adabu na kwa uvumilivu, na mambo hayo yana utaratibu wake. Nimeupanga hapa hatua kwa hatua, kama maelekezo ya mapishi, kwa sababu nimeona wengi wakiruka hatua na chakula kikaungua.

Mahitaji

Jembe 1. Nyengo 1 ya kufyekea. Sweta 1 zito. Utalipata kwenye mitumba ya Mbinga mjini kwa bei ya maelewano. Viatu visivyoogopa tope. Daftari la kuandika majina ya watu na koo zao: Ndunguru, Komba, Kapinga, Nchimbi, Hyera, Mapunda, Kinunda, na utaendelea mwenyewe. Miaka 20. Ukiwa nayo mitano tu, anza hivyo hivyo.

Hatua ya 1: Vaa sweta, nyamaza kuhusu jua la kwenu

Mji wa Mbinga umekaa zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, katikati ya milima ya Umatengo, nchi ya Wamatengo. Mwezi wa sita na wa saba ukungu hulala mabondeni hadi jua lipande, na watoto huja shule wamekumbatia mikono kifuani. Mtu aliyekulia Dodoma, kwenye anga kavu na upepo wa vumbi, mifupa yake hulalamika.

Mifupa ilalamike, mdomo ukae kimya. Kosa la kwanza la mgeni ni kulinganisha. Kwetu nyama ni tamu. Kwetu hakuna tope namna hii. Kwetu watu huongea kwa sauti. Wenyeji watakusikiliza kwa upole, lakini kila "kwetu" unayoitamka inakurudisha stendi ulikoshukia.

Badala yake, uliza. Mvua ya kwanza huja lini? Mahindi hupandwa wiki gani? Nani anaumwa hapa mtaani? Shika salamu kwa ukamilifu wake: shikamoo kwa aliyekuzidi umri, kisha za nyumbani, za watoto, za shamba, na usionyeshe haraka kabla hujafika za shamba. Salamu za Kimatengo wafuate watoto wakufundishe. Mtoto humsahihisha mtu mzima mara 30 kwa siku bila kuchoka.

Hatua ya 2: Siku ya tatu ikifika, usisubiri kupewa jembe

Waswahili walishasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwingine hiyo ni methali ya kusemea kwenye harusi. Huku Umatengo ni ratiba ya kazi, na jembe la huku lina chuo chake. Chuo hicho kinaitwa ngoro.

Ngoro hulimwa kwenye miteremko mikali, ile ambayo kwetu Dodoma tungewaachia mbuzi. Machi, mvua zikielekea ukingoni, majani marefu hufyekwa na kuachwa yanyauke. Kisha hulazwa kwa mistari inayokatana, mpaka mlima wote uonekane kama umetandikiwa wavu. Ndipo unachimbwa udongo wa katikati ya kila mraba, na udongo huo hufukia majani pande zote nne. Kinachobaki ni shimo lenye upana wa kama mita 1.5 hadi 2, limezungukwa na matuta manne yenye majani yanayooza tumboni. Kwa desturi wanaume hufyeka na kulaza majani, wanawake huchimba na kufukia. Maharage hupandwa juu ya matuta wakati huohuo. Mvua za mwisho wa mwaka zikirudi, mahindi hufuata.

Sasa tazama mvua inavyonyesha. Maji yanayoshuka kutoka juu hayapati njia ya kukimbia. Yanaingia shimo la kwanza, yanatulia, mlima unayanywa. Yakizidi yanapita kwa upole kwenda shimo la chini yake. Hivyo ndivyo Wamatengo walivyolima milima hii tangu kabla ya Wajerumani kufika, na udongo bado upo. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walikaa katika vijiji vya Mbinga kuisoma ngoro. Maprofesa walikuja kuwa wanafunzi wa wakulima. Ikiwa wao waliweza, mwenye cheti kimoja cha ualimu ana kisingizio gani?

Mwaka wangu wa pili mama jirani alinipa kipande cha mteremko nijaribu. Nilichimba kwa nguvu, udongo ukiruka mbele yangu kama maji. Alinitazama kidogo, akaja, akanishika mkono wenye mpini. "Mwanangu, udongo usiutupe. Ulaze." Akanionyesha: jembe linaingia, linanyanyua, linageuka taratibu, na udongo unakaa juu ya majani kama shuka juu ya mtoto aliyelala. Nilirudia mpaka jua likainama. Kesho yake sikuweza kuinua chaki juu ya ubao, na kwa mara ya kwanza tangu nifike sikuwa na hamu ya kuondoka.

Kuna jambo ngoro inafundisha ambalo halisemwi kwa maneno. Shimo moja peke yake haliokoi mlima. Matuta yangu yakibomoka, maji yatashuka kwa hasira hadi kwa aliye chini yangu, na yake yakibomoka yatamfikia wa chini yake. Kila mwenye shamba anamdai aliye juu yake. Shika neno hilo, kudai, maana tutarudi kwake.

Hatua ya 3: Kabla ya kukata hata fito, uliza mlima ni wa nani

Mgeni hutazama mlima akaona mandhari. Mwenyeji hutazama akaona majina. Kipande cha mlima kilicho kati ya vijito viwili, kuanzia kileleni hadi majini, Wamatengo hukiita ntambo, na kwa desturi ntambo ni ya ukoo. Juu kuna miti, katikati nyumba na kahawa, pembeni ngoro, chini bondeni maji. Ukitaka kukodi shamba, mwenyekiti wa kijiji atakupa karatasi, nayo ni muhimu. Lakini karatasi haitakwambia ni mwembe upi ulipandwa na babu, na ni njia ipi wanapita wanawake kwenda mtoni.

Jifunze pia neno sengu. Zamani jamaa wa babu mmoja walikusanyika kwake kula pamoja, na wakiwa wanakula waliyazungumza mambo yao: shamba la nani limechoka, kijana gani anataka kuoa, nani kamkosea nani. Siku hizi familia nyingi hula kila moja kwake. Hata hivyo neno bado lina uzito, na ukialikwa kukaa penye mazungumzo ya wazee wa ukoo, hata kama umealikwa kwa sababu unajua kuandika vizuri, nenda. Kaa. Andika. Usitoe ushauri mpaka uulizwe, na ukiulizwa, sema kwa ufupi.

Hatua ya 4: Panda kitu kitakachochelewa

Mchicha hupandwa na mtu wa kupita. Mwenye nia ya kukaa hupanda kahawa.

Kahawa ya arabika ilianza kulimwa Umatengo miaka ya 1920. Mche huchukua kama miaka mitatu kabla ya kukupa mavuno ya maana, na kwa miaka hiyo mitatu huna cha kufanya ila kupalilia na kutazama. Miche yangu 40 ya kwanza niliipanda 2006. Watu waliopita njiani walinisalimu kwa namna mpya baada ya hapo, kwa sababu mwenye miche michanga hatafuti basi.

Msimu ukifika, chuma zilizoiva peke yake, nyekundu, moja baada ya nyingine. Zimenye siku hiyohiyo kwa mashine ya mkono, zivundike, zioshe mpaka utelezi uishe, kisha zianike kwenye kichanja na uzigeuze kwa mikono. Jua likiwa kali zifunike, mvua ikitishia zifunike, usiku zifunike. Kahawa ni kama mgonjwa: haiachwi peke yake.

Wazee watakusimulia bei. Wasikilize. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyogawa soko la kahawa kati ya nchi wazalishaji yalivunjika, bei ikaanguka duniani kote, na nyumba za mabati zilizokuwa zimeanza kujengwa huku zikasimama bila milango. Waliokuwa na pa kwenda waliondoka. Waliobaki walipunguza matumizi, wakaendelea kupalilia, na kahawa ikarudi kuwa na thamani mikononi mwao. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayowafanya wapime maneno ya kila mgeni anayekuja na ahadi.

Hapa pana onyo kubwa kuliko yote katika mwongozo huu, hasa kwa mwenye mshahara. Kati ya Januari na Machi, ghala zikiwa nyepesi na ada za shule zikiwa zinadaiwa, mtu atabisha hodi kwako akuuzie kahawa ambayo bado iko mtini. Biashara hiyo inaitwa magoma. Unatoa pesa kidogo leo, na msimu ukifika unachukua kilo nyingi ambazo thamani yake ni mara kadhaa ya ulichotoa. Wengi wametajirika nayo, na wengi zaidi wamevuna kahawa isiyo yao kwenye shamba lao wenyewe.

Februari 2005 baba mmoja alinijia hivyo. Mwanawe alikuwa anaanza kidato cha kwanza. Nilimkopesha pesa, na nilimwambia anirudishie pesa. Alinirudishia Agosti, shilingi kwa shilingi, akaongeza mkungu wa ndizi. Usinunue magoma. Anayekuja mahali kuwadai wenyeji hubaki mgeni hata akijenga ghorofa. Anayekubali kudaiwa nao ndiye hukaa.

Hatua ya 5: Shuka ziwani, na ushuke kwa adabu

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 za lami, na ndani ya kilomita hizo unavua sweta. Ziwa Nyasa liko kwenye mwinuko usiofika mita 500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo barabara inakushusha zaidi ya mita 800 kwa kona zinazokufanya ushike kiti cha mbele. Miembe inaongezeka, hewa inakuwa nzito, na ghafla kati ya vilima viwili linatokea ziwa, buluu hadi mwisho wa macho. Kabla ya lami safari hiyo ilikuwa ya siku nzima, na wakati wa masika ilikuwa ya Mungu akipenda.

Mwaka 2012 mwambao huu ulipata wilaya yake, Nyasa, makao makuu Mbamba Bay. Kwenye ramani milima na ziwa viliachana. Sokoni havikuachana hata siku moja: maharage hushuka, usipa hupanda. Mtu wa Mbinga asiyejua ziwani anajua nusu ya nyumba.

Yapo mambo ya kujua ukifika. Ugali wa huku aghalabu ni wa muhogo. Ule kwa heshima ileile uliyoupa wa mahindi. Ziwa lina kina cha zaidi ya mita 700, na mna mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingine duniani. Mbasa ni samaki wa kumkaribishia mkwe. Usipa ni wa kila siku, mdogo kama kidole, na huvuliwa usiku usio na mbalamwezi kwa taa zinazomwita juu. Simama ufukweni Liuli au Mbamba Bay usiku kama huo, utaona taa za mitumbwi zimejipanga majini mpaka huwezi kusema ziwa linaishia wapi na nyota zinaanzia wapi. Alfajiri mitumbwi inarudi, na kina mama wanawapokea wavuvi kwa beseni na kanga zilizofungwa imara. Salimia kwanza. Uliza usiku ulikuwaje, upepo ulikuwaje, wote wamerudi? Bei iulize mwisho. Ziwa hili linachukua watu, na anayeanza na bei mbele ya mtu aliyetoka kwenye mawimbi hajafundwa.

Kuhusu mpaka, sikiliza zaidi ya unavyosema. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 uliacha ubishi ambao Tanzania na Malawi bado zinauzungumza: sisi tunasema mpaka uko katikati ya maji, wenzetu wanasema uko kwenye ufukwe wetu. Serikali ziendelee kuzungumza. Wavuvi wana mashangazi pande zote mbili.

Ukiwa Liuli utaonyeshwa mwamba majini. Wajerumani waliuona unafanana na sanamu ya Sphinx ya Misri, wakaipa bandari jina la Sphinxhafen. Hapo, Agosti 13, 1914, meli ya Waingereza Guendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Ni miongoni mwa mapambano ya kwanza kabisa ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza. Leo mtafute mvuvi umuulize Sphinxhafen iko wapi. Walioliweka jina hilo hawakumuuliza mtu, nalo liliondoka nao. Liuli imebaki.

Hatua ya 6: Chunguza kila kinachoitwa cha asili

Kuna usiku utalala ukijiambia: hata nikikaa miaka mingapi, mimi wa kuja. Siku hiyo fanya hesabu hii.

Mahindi, maharage na muhogo, nguzo za chakula cha milimani na ziwani, asili yake ni Amerika. Kahawa asili yake ni Ethiopia. Kanisa Katoliki la milimani lilipandwa na Wabenediktini kutoka Bavaria, waliofungua Peramiho 1898 na Kigonsera 1899. Ngoma ya mganda, ile ambayo mtu wa Nyasa akiisikia miguu yake haimuombi ruhusa, imechota kutoka gwaride la askari wa kikoloni: mistari iliyonyooka, mavazi yanayofanana, ngoma kubwa na vibuyu vinavyovuma kama tarumbeta. Watu walilitazama gwaride la mabwana, wakalichukua, wakaligeuza furaha.

Na Wangoni, ambao leo hutaji Ruvuma bila kuwataja? Walitoka kusini kabisa mwa Afrika, wakauvuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, na vizazi vyao vikafika nchi ya Songea katikati ya karne ya 19 wakiwa na mikuki mkononi. Wamatengo walipanda milimani na kujificha hadi kwenye mapango ya Litembo, na umati huo uliojibana kwenye miteremko ndio ulioinoa ngoro. Hata Wamatengo wenyewe walikuwa wamepokea milimani watu wa koo mbalimbali waliokimbia vita. Kisha likatokea jambo la kutafakari: Wangoni, waliokuwa washindi, watoto wao walikua wakiongea lugha ya walioshindwa. Kingoni cha Songea leo ni ndugu wa lugha za jirani, na maneno ya kusini yaliyobaki humo ni ya kuokoteza.

Kila kilicho cha huku kilikuja siku moja, kikafanya kazi, kikabaki. Kwa hiyo acha kujihesabia siku ya kuja. Hesabu kazi.

Hatua ya 7: Subiri kudaiwa

Hii huwezi kuifanya mwenyewe. Unaweza tu kuishi vizuri mpaka ikufikie.

Mimi ilinifikia 2009. Jirani wa ng'ambo ya kijito alifariki siku ya Alhamisi. Nilikuwa na safari yangu ya Songea, nikaenda, sikumtuma mtu wala sikuacha neno. Niliporudi Jumapili jioni nilimkuta mama jirani, yuleyule aliyenishika mkono wenye jembe, amesimama mlangoni kwangu. Nilimwamkia. Aliitikia, ila hakukubali kukaa.

"Mwalimu," aliniambia, na siku zote huniita mwanangu, "juzi tulikuhesabu. Hukuwepo."

Maneno manne, na nilihisi ardhi imesogea. Nilichukua debe la mahindi na kilo za maharage, nikafunga kanga, nikavuka kijito. Wafiwa walinipokea. Karani wa msiba alifungua daftari, na hapo nikaona jina langu lilikuwa limeshaandikwa, katikati ya majina ya mtaa wetu, na mbele yake nafasi wazi. Hawakuacha kuniandika kwa sababu sikuwepo. Waliniandika na kunisubiri.

Nililia msibani, na watu walidhani namlilia marehemu tu.

Mgeni haandikwi kwenye daftari hilo. Mgeni asipofika msibani, watu husema alikuwa na kazi zake. Mgeni akifika, hushukuriwa. Mwenyeji hashukuriwi kwa kufika, huulizwa kwa nini hakufika. Kwa hiyo ukigombezwa Mbinga, usikasirike na usijitetee. Umepewa uraia ambao hakuna ofisi inayoutoa. Lipa deni lako, kisha kaa karibu na moto pamoja na wengine.

Utaanza pia kusikia lugha inabadilika. Mwanzo ulipotoka safari ulisikia "Karibu tena." Baadaye ikawa "Za kwenu?" Siku moja utashuka kwenye gari ukiwa na vumbi la Makambako kwenye nywele, na mtoto atakuuliza: "Ulikuwa wapi siku zote?" Andika tarehe hiyo.

Hatua ya 8: Usimkane mama yako

Mkataa kwao mtumwa. Kuna watu hupenda mahali papya kwa kupatukana pa zamani, na mapenzi hayo hayadumu, maana aliyekana mama mmoja hushindwa nini kumkana wa pili? Mimi ni wa Dodoma. Huwapelekea ndugu zangu maharage ya Mbinga na usipa mkavu, na hurudi na karanga na zabibu. Mama yangu alipokuja kunitembelea, majirani walimletea kuku na ndizi, na mzee mmoja akamwambia: "Asante kwa kutuzalia mwalimu." Mama alikaa wiki tatu. Alipoondoka aliniambia hana wasiwasi tena.

Kiswahili kimelificha jambo hili mahali ambapo wengi hawapatazami. Kwangu ni pale ninapolala. Nyumba ya kupanga ni kwangu, hata chumba cha hosteli ni kwangu. Lakini nyumbani, pa asili na pa moyo, husemi kwangu. Unasema kwetu. Hakuna mtu mwenye kwetu akiwa peke yake. Neno lenyewe linadai wengine, na mpaka hao wengine wakuhesabu, huna ruhusa ya kulitamka.

Watu wakitaka kujua kama kweli umefika, watakuuliza utazikwa wapi. Nenda Liuli ukalione kaburi la William Percival Johnson. Alizaliwa Uingereza 1854, akaacha nafasi ya utumishi wa serikali kule India, akafika Afrika Mashariki 1876 na misheni ya Kianglikana ya UMCA. Aliishi mwambao wa Ziwa Nyasa zaidi ya miaka 40, macho yake yakiwa mabovu, akienda kijiji hadi kijiji kwa miguu na kwa mashua, na akatafsiri Biblia kwa Kinyanja. Hakuja kwa mwaliko, na misheni yake ilikuja pamoja na enzi iliyotutawala, hilo lisemwe. Lakini alipofariki 1928 alifia Liuli, akazikwa Liuli, katikati ya watu aliojifunza kuongea nao.

Na kuna wanaokwenda mbali wakiwa wamebeba Umatengo. Profesa Joseph Mbele, mzaliwa wa Mbinga, amefundisha miaka mingi Chuo cha St. Olaf, Minnesota, na mwaka 1999 alichapisha kitabu cha hadithi za Wamatengo. Mtu anaweza kupendwa na mahali pawili, na akawa mkweli kwa pote.

Mimi nimewaambia wanangu: nikifia Mbinga, msinisafirishe.

Neno la mwisho kwa uliyepangiwa huku

Ile barua ya uhamisho niliitoa chini ya godoro mwaka jana, nilipokuwa nahamia nyumba niliyojenga. Nilimpa mama jirani awashie moto wa kupikia mafundi.

Usiombe uhamisho kabla ya Machi kupita. Majani yanafyekwa Machi. Njoo na jembe.